Mappa mundi: ramani isiyomfikisha mtu popote

Ukipewa ramani ya dunia iliyomo katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, ukaambiwa uifuate kutoka London hadi Roma, utapotea kabla hujafika bandarini. Uingereza yenyewe imebanwa pembeni kabisa, chini kushoto, imejikunja kama kipande cha mhogo kilichokaushwa juani. Bahari ya Kati imejazwa visiwa vilivyopangwa kama bidhaa juu ya mkeka wa mchuuzi. Kaskazini haiko juu. Juu kuna mashariki, na juu ya mashariki ameketi Yesu akiwahukumu wanadamu. Mtu aliyeichora, mnamo mwaka 1300, hakuwa mjinga wala hakuwa na haraka. Alichokuwa akichora ni kitu kingine, na kitu hicho kina jina lake: mappa mundi.

Jina ni la Kilatini. Mappa ni kitambaa, kile cha mezani au cha kufutia mikono. Mundi ni "ya dunia". Kitambaa cha dunia, basi. Jina hilo hutumika kwa ramani za dunia zilizochorwa Ulaya ya Kikristo katika Zama za Kati, mpaka karne ya 15. Zimesalia zaidi ya 1,000, na nyingi ni vichoro vidogo vilivyomo ndani ya vitabu vya mkono, vingine havizidi upana wa kiganja. Kubwa za kutundikwa ukutani ni za kuhesabu kwa vidole.

Neno letu "ramani" lina ukoo tofauti. Hurejeshwa kwenye rahmani, kitabu cha manahodha wa Bahari ya Hindi chenye habari za nyota, pepo na bandari, na rahmani nalo lina asili ya Kiajemi yenye maana ya kuonyesha njia. Nahodha alikifungua kitabu chake apate kujua pa kupita na pa kutia nanga. Kitambaa cha dunia hakikuulizwa maswali hayo. Kiliulizwa: ulimwengu huu ulianzia wapi, umefika wapi, na unaishia wapi?

Umbo lake la msingi hata mtoto analichora. Chukua bikari, piga duara. Pitisha mstari wa kulala katikati, kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha kutoka katikati ya mstari huo teremsha mwingine hadi chini. Umepata herufi T ndani ya herufi O. Nusu yote ya juu ni Asia. Robo ya chini kushoto ni Ulaya, robo ya chini kulia ni Afrika. Mstari wa kulala ni mito miwili, Don upande wa kushoto na Nile upande wa kulia. Mguu wa T ni Bahari ya Kati. Na O yenyewe ni bahari kuu inayoizunguka nchi kavu. Mchoro huu ulienea hasa pamoja na kitabu cha Isidore, askofu wa Seville aliyefariki mwaka 636, ambaye alijaribu kukusanya maarifa yote ya wakati wake mahali pamoja. Kitabu hicho kilipopigwa chapa mjini Augsburg mwaka 1472, kichoro hicho cha T na O kikawa ramani ya kwanza kuchapishwa kwa mashine Ulaya.

Katika nakala nyingi kila bara limeandikiwa jina la mtoto wa Nuhu: Asia ni ya Shemu, Ulaya ni ya Yafethi, Afrika ni ya Hamu. Kwa mchoraji huo ulikuwa mti wa ukoo. Watu wote walishuka kutoka safina moja, wakagawana nchi. Lakini jina la Hamu halikukaa kimya. Karne nyingi baadaye wafanyabiashara wa watumwa na wahubiri wao waliitumia laana ya kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, kama hati ya kumiliki watu weusi, ingawa ukiisoma sura hiyo utaona aliyelaaniwa ni Kanaani, mwana wa Hamu. Karne ya 19 jina lilelile likageuzwa tena: Speke, mvumbuzi wa Kiingereza, na waliomfuata wakadai kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa "Wahamu", wageni bora waliotoka kaskazini. Wasomaji wa Rwanda na Burundi hawahitaji kusimuliwa hadithi hiyo ilizaa nini.

Kwa nini mashariki iwe juu? Mwanzo inasema Mungu alipanda bustani Edeni, upande wa mashariki. Jua huchomozea huko. Makanisa ya zamani yalijengwa yakielekea huko. Kilatini cha mashariki, oriens, maana yake ni kinachochomoza, na lugha za Ulaya hadi leo zinapotaka kusema mtu amejua yuko upande gani hutumia kitenzi kilichozaliwa na neno hilo. Sisi nasi tuna yetu. Mashariki tumeichukua kutoka Kiarabu, nayo pia ni mahali pa kuchomoza. Lakini kaskazini na kusini ni pepo, kaskazi na kusi, zile zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Aliyezipa pande hizo majina alikuwa na tanga la kulifikiria. Kaskazini kuwa juu ya karatasi ni desturi tu, kama ilivyo desturi kwamba longitudo 0 ipite Greenwich, jambo lililopigiwa kura na wajumbe wa serikali mjini Washington mwaka 1884.

Turudi Hereford, maana ramani ile ndiyo kubwa kuliko zote za aina hii zilizobaki nzima. Imechorwa juu ya ngozi moja ya ndama, urefu kama mita 1.59 na upana mita 1.34, na shingo ya mnyama bado inaonekana juu, pale palipochorwa Siku ya Hukumu. Aliyehusika nayo ametajwa pembeni: Richard wa Haldingham na Lafford, akiomba wote watakaoisikia, kuisoma au kuiona historia hii wamwombee kwa Yesu. Angalia neno alilotumia. Hakuiita ramani, aliiita historia.

Na ni kweli, husomwa kama historia. Anza juu. Edeni ni kisiwa cha duara chenye ukuta, Adamu na Hawa wamo ndani, na nje yake wanaonekana wakifukuzwa. Teremka kidogo, unakutana na mnara wa Babeli, jengo kubwa kuliko yote ramanini. Safina ya Nuhu ina wanyama wanaochungulia dirishani. Mke wa Lutu amegeuka nyuma kutazama miji inayozama. Bahari ya Shamu imepakwa rangi nyekundu kabisa, na mstari mwembamba unaonyesha Waisraeli walipopita na walivyozunguka jangwani kabla ya kuingia nchi ya ahadi. Piramidi za Misri zimechorwa kama ghala, kwa sababu watu waliamini ndizo ghala ambazo Yusufu aliweka nafaka ya ile miaka saba. Katikati kabisa ni Yerusalemu, duara lenye meno kama gurudumu la saa, na juu yake msalaba. Tundu la mguu wa bikari bado lipo pale: mchoraji alichomeka ncha ya bikari yake Yerusalemu, akauzungushia ulimwengu. Alikuwa na andiko la kumtetea, Ezekieli 5:5, Mungu anaposema ameuweka mji huo katikati ya mataifa.

Ukiendelea kushuka unafika Roma, kisha Uhispania, na mwisho kabisa, chini, Nguzo za Hercules, pale tunapopaita leo Mlango wa Gibraltar. Kwa hiyo jicho linapotoka juu kwenda chini, linatoka pia mwanzo wa wakati kwenda karibu na mwisho wake. Hugh wa Saint-Victor, mwalimu wa Paris aliyefariki mwaka 1141, alifundisha hivyo waziwazi: mambo makuu yalianza mashariki, yamekuwa yakisogea magharibi kadiri miaka inavyokwenda, na yakifika ukingo wa magharibi ndipo mwisho wa dunia umekaribia. Watu wa Hereford walikuwa wakiishi kwenye ukingo huohuo. Yaani walijiona wako kwenye ukurasa wa mwisho.

Ndiyo maana Adamu, Aleksanda Mkuu na kanisa lililojengwa juzi wanakaa kwenye ngozi moja bila mgongano. Ramani zetu huonyesha vitu vilivyopo kwa wakati mmoja, na mji uliokufa hufutwa. Mappa mundi haifuti. Troya ipo, ingawa ilikwisha teketea karne nyingi kabla. Mahali, kwa fikra hiyo, ni jumla ya yote yaliyowahi kutokea hapo. Mtu wa pwani anayepita Gede au Kilwa Kisiwani analielewa jambo hili haraka kuliko mwalimu wa jiografia.

Kuzunguka duara lote zimewekwa herufi nne kubwa za dhahabu, moja moja, mbalimbali: M, O, R, S. Mors, mauti. Kona ya chini kushoto Kaizari Augusto anatoa amri ya kupimwa kwa ulimwengu wote, kama inavyoanza Luka sura ya 2, ila hapa kaizari wa kipagani amevikwa taji la papa. Kona ya kulia kuna mpanda farasi anayegeuka kuitazama dunia huku akiiacha, na maneno ya Kifaransa yasemayo "songa mbele". Picha hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote. Kila aliyesimama mbele ya ramani ile alijua mpanda farasi ni yeye.

Lakini tusiwafanye wachoraji wale kuwa malaika. Ramani ina vichekesho, na ina makosa ya aibu. Upande wa Asia Ndogo kuna mnyama aitwaye bonakoni, mfano wa ng'ombe mwenye pembe zisizofaa kwa vita, ambaye akifukuzwa hujitetea kwa kurusha kinyesi kinachounguza eneo zima nyuma yake. Amechorwa kwa uaminifu wote, mkia juu. Na majina ya mabara mawili, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu, yamebadilishana: juu ya Ulaya pameandikwa Afrika, na juu ya Afrika pameandikwa Ulaya. Mwandishi wa herufi za dhahabu alikosea, na hapakuwa na namna ya kufuta. Kazi ya miaka, na kosa lipo kwenye maneno makubwa kuliko yote!

Ramani nyingine ilikwenda mbali zaidi. Ile ya Ebstorf, iliyopatikana kwenye nyumba ya watawa wa kike kaskazini mwa Ujerumani mnamo miaka ya 1830, ilikuwa na upana wa kama mita 3.6 kila upande, imeshonwa kwa ngozi 30 za mbuzi. Kichwa cha Kristo kilikuwa juu kando ya Edeni, mikono yake kaskazini na kusini, miguu yake chini magharibi. Dunia ilikuwa mwili wake. Iliteketea mwaka 1943 mabomu yalipoangushwa Hannover, na tunachokiona leo ni nakala zilizotengenezwa kutokana na picha.

Hapa pana uzushi wa kuondolewa njiani. Watu wengi, na vitabu vya shule kadhaa, husema kwamba Wazungu wa Zama za Kati waliamini dunia ni bapa kama chapati, mpaka Columbus alipowatoa ujinga. Si kweli. Bede, mtawa wa Kiingereza aliyefariki mwaka 735, aliandika kwamba dunia ni mviringo kama mpira, si kama ngao. Kitabu cha Sacrobosco cha karne ya 13, kilichoitwa Tufe, kilifundishwa vyuoni kwa mamia ya miaka. Hadithi ya maprofesa waliomzomea Columbus wakisema ataanguka ukingoni ilipewa nguvu na mwandishi wa Marekani, Washington Irving, mwaka 1828. Ubishi wenyewe ulihusu ukubwa wa dunia, na katika ubishi huo Columbus ndiye aliyekosea: aliifanya ndogo mno.

Duara la mappa mundi, basi, ni lile eneo la dunia lililojulikana kuwa na watu, likiwa limetandazwa. Iliyobaki ilikuwa ya kukisia. Ramani za aina nyingine, zilizofuata maandishi ya Macrobius, mwandishi wa kale wa Kirumi, ziliigawa dunia kwa mikanda mitano: miwili ya baridi kali, miwili ya wastani, na mmoja wa katikati wenye joto lisilovukika. Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alishuku kama ng'ambo ya pili kuna watu, kwani uzao wa Adamu ungefikaje huko? Sasa weka kidole kwenye huo mkanda wa joto usiokalika. Umeigusa Kisumu, Kampala, Mwanza na Kisangani.

Ndipo tunafika ukingoni, na ukingo ndio unaotuhusu. Kwenye ramani ya Hereford, kando ya Afrika upande wa kusini, kumepangwa safu ya watu wa ajabu. Yupo asiye na kichwa, macho na mdomo vikiwa kifuani. Yupo mwenye macho manne. Yupo ambaye mdomo wake umeziba, anakula kwa mrija. Upande wa India yumo wa mguu mmoja, ambaye jua likiwa kali hulala chali akajitwika unyayo wake kama mwavuli. Mchoraji hakuwabuni, aliwatoa kwa Pliny na Solinus, waandishi wa Roma ya kale, ambao nao walipokea za kuambiwa. Kanuni iliyowapanga ni rahisi: kadiri unavyotoka Yerusalemu ndivyo ubinadamu unavyolegea. Kuna pia mantiki ya kidini, kwamba Mungu aliyeweza kuumba viumbe hao anastahili kustaajabiwa. Hata hivyo sioni sababu ya kuwa mpole kupita kiasi. Aliyechorwa bila kichwa ni jirani yetu.

Hasa kwa kuwa wakati huohuo wapo waliojua zaidi. Kitabu kimoja cha Kiarabu kilichotungwa Misri katika nusu ya kwanza ya karne ya 11, ambacho maktaba ya Bodleian ya Oxford ilikipata mwaka 2002, kina ramani ya Bahari ya Hindi iliyochorwa kama yai refu. Ndani ya yai hilo, upande wa Uzanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki, kuna visiwa viwili: Qanbalu, ambacho wengi hukiona kuwa ni Pemba, na Unjuwa. Mzanzibari hahitaji mkalimani. Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu aliyekuwa akimtumikia Mfalme Roger wa Pili wa Sisili, alimaliza kitabu chake chenye ramani 70 za vipande, kusini ikiwa juu. Malindi imo, na chuma chake. Mombasa imo, mji mdogo wenye mbwa wekundu wasioogopa hata simba. Sofala imo. Al-Idrisi hakukanyaga pwani hii, naye alikosea: pwani yake ya Afrika imepinda kwenda mashariki mpaka inatazamana na China, kosa alilorithi kwa Ptolemy, mwanajiografia wa kale. Lakini watu wake wana vichwa na wana biashara. Alikuwa amewauliza wasafiri na wafanyabiashara. Mchoraji wa Hereford alikuwa amevisoma vitabu vya Kirumi vyenye umri wa miaka 1,000 na zaidi.

Isidhaniwe kwamba Ulaya haikuwa na ramani za kazi. Kabla karne ya 13 haijaisha, mabaharia wa Italia na Catalonia walikuwa na chati za ngozi zilizofuata dira, zenye majina ya bandari yamepangwa kando ya pwani kama meno ya kitana, na sura ya Bahari ya Kati ndani yake inatambulika mara moja. Aina hizo mbili ziliishi pamoja, moja chomboni, nyingine kanisani, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kwa nini hafanani naye.

Zilikutana baadaye, na mkutano mzuri kuliko yote uko Venice, katika ramani ya mtawa Fra Mauro ya mnamo mwaka 1450. Ni duara la kama mita 2 lenye maandishi yapata 3,000. Fra Mauro alichukua kutoka chati za mabaharia, safari za Marco Polo, na wacha Mungu wa Ethiopia waliomweleza nchi yao kwa vinywa vyao. Sofala na Zanzibar zinasomeka, kwa tahajia ya Kivenisi. Afrika inaweza kuzungukwa kwa bahari, na ameandika habari za chombo kutoka India kilichopita rasi ya kusini yapata mwaka 1420. Watu wasio na vichwa hakuwakubali: wasafiri aliowahoji hawakuwaona. Na Edeni ameitoa. Imechorwa nzuri sana, yenye rangi, lakini iko kwenye kona ya fremu, nje ya duara.

Jambo moja lilimtatiza. Alipoiweka Asia kwa ukubwa wake, Yerusalemu ilisogea, haikuangukia tena kwenye tundu la bikari. Hakunyamaza. Aliandika maelezo palepale ramanini: Yerusalemu iko magharibi kidogo ya katikati, lakini kwa kuwa upande wa magharibi, Ulaya, umejaa watu wengi zaidi, bado mji huo uko katikati, mradi uhesabu watu na usihesabu ardhi tupu.